Herufi mbili zilizojifanya moja

Msimu wa kahawa wa 2019 nilikuwa karani wa ushirika mdogo wa wakulima wa Kalehe, wenye ofisi ya chumba kimoja mtaani Nguba, Bukavu, mashariki mwa Kongo. Tulikuwa tumeagiza mashine ya kumenya kahawa kwa muuzaji wa Nairobi, na mama mhazini alikuwa anajiandaa kutuma malipo ya awali, dola 3,800. Wakulima walikuwa wamezichanga kidogo kidogo, wengine kwa kuuza mbuzi.

Asubuhi ile barua pepe ikaingia: "Habari za Bukavu, Mama. Akaunti yetu ya zamani inakaguliwa, naomba malipo yaje kwenye hii mpya. Tukiyapata leo kabla ya saa kumi, mashine inapakiwa kesho." Chini yake yalikuwapo mazungumzo yetu yote ya nyuma, na profoma, yaani ankara ya awali, yenye mhuri uleule. Watu hupenda kusema barua ya tapeli hujulikana kwa lugha mbovu. Hii haikuwa na kosa hata moja, na salamu ilikuwa ileile ambayo muuzaji huyo alituandikia siku zote.

Mama aliisoma, akaisoma tena, kisha akaniita.

"Mwanangu, huyu bwana hajawahi kunihimiza. Leo ana haraka ya nini?"

Juu ya barua lilionekana jina la muuzaji tu. Nililibonyeza ili anwani yenyewe itokee. Mama akavaa miwani, akaniambia nikuze maandishi, nami nikakuza mpaka herufi zikajaa kioo. Jina la kampuni lilikuwa na m katikati. Hapa palikuwa na r na n, zimebanana hata ukizitazama kwa ukubwa wa kawaida unasoma m. Mtu alikuwa amesajili anwani nzima kwa ajili ya hila hiyo.

Mama hakujibu barua, maana jibu lingemfikia mwizi. Hakupiga hata namba iliyoandikwa chini yake. Alifungua faili, akatoa profoma ya kwanza iliyochapwa, akapiga namba ya pale.

"Akaunti mpya? Mama, sisi hatujabadilisha kitu."

Tulimuuliza maswali taratibu mpaka tukafahamu. Wiki kadhaa nyuma alipokea ujumbe kwamba sanduku lake la barua limejaa na litafungwa asipothibitisha. Akafuata kiungo, akakuta ukurasa unaofanana kabisa na anaouzoea, akaandika neno lake la siri. Tangu hapo wezi walikuwa wakisoma barua zake kimyakimya, wakingoja mteja aliye karibu kulipa. Nilimwongoza kwa simu: abadilishe neno la siri, aviondoe vifaa vyote vilivyoingia, awashe uthibitisho wa hatua mbili, unaodai kithibitisho cha pili juu ya neno la siri. Kisha aangalie kanuni za kupeleka barua mbele. Hapo aliikuta moja asiyoijua, inayotuma nakala ya kila barua yenye neno malipo kwa mtu mwingine. Kanuni ya namna hiyo yaweza kubaki hata neno la siri likishabadilishwa, na wengi hawafiki huko kuitafuta.

Aliona aibu sana, nami sikupenda aione. Kati ya 2013 na 2015, Google na Facebook walilipa zaidi ya dola milioni 100 kwa ankara bandia za Evaldas Rimasauskas wa Lithuania, aliyejifanya kampuni ya Asia waliyokuwa wakifanya nayo biashara. Alihukumiwa Marekani mwaka uleule wa 2019. Kama wao walinaswa, mfanyabiashara anayejibu barua zake mwenyewe usiku ana kosa gani?

Mama hakumwacha muuzaji akate simu kabla hajaahidi kuwapigia wateja wake wote, mmoja mmoja, kwa sauti, siyo kwa barua pepe. Jioni alitupigia tena. Wengine walikuwa bado hawajalipa. Mmoja wa Uganda alikuwa amelipa tangu juzi. Benki ilijulishwa siku hiyohiyo, lakini fedha zilikuwa zimekwisha kutolewa.