Anatusalimu

Tangu Jumamosi hadi leo ni siku sita, na neno hilo moja bado linanizunguka kichwani. Nimeandika mara mbili nikafuta. Leo naliacha libaki, maana nikiendelea kukaa nalo peke yangu sitalala.

Ziara yangu ya mguu, ya kuwatembeza wageni mjini Arusha, mnaijua, nimeieleza hapa mara nyingi. Tunaanzia Mnara wa Saa saa tatu asubuhi, tunakwenda Boma, ile ngome ya zamani ya Wajerumani, tunasimama nje ya AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa, halafu tunateremka hadi Kaloleni kwenye Makumbusho ya Azimio la Arusha. Jumamosi nilikuwa na wageni watano, wakiwemo mume na mke kutoka Ujerumani, watu wazima, wapole sana. Mama wa watu kajifunika kofia ya sufu hadi masikioni, kwa baridi hii ya mwezi wa saba ambayo inaonekana hakuna aliyewaonya.

Pale Boma huwa sipunguzi kitu. Jengo lilikamilika mwaka 1900, na mwaka huohuo, Machi 2, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, chifu wa Wachagga, kule Old Moshi pamoja na wenzake 18, wakiwemo viongozi kutoka Meru na Arusha. Yule baba wa Kijerumani akaniuliza kama vichwa vilivyopelekwa Ujerumani vimerudi. Nikamwambia kichwa cha Mangi Meli bado kinatafutwa, ila mwaka 2023 kule Berlin walipima vinasaba vya mafuvu wanayoyahifadhi, na baadhi vikaoana na vya ndugu walio hai Kilimanjaro. Akatikisa kichwa, akanyamaza muda mrefu.

Tulipofika AICC mgeni mwingine, kijana, akasema yaliyotokea Rwanda yalikuwa vita vya makabila. Nikasimama palepale barabarani. Nikamwambia hapana, yalikuwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na humu ndani, ilipokuwa Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, Septemba 2, 1998, Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, alitiwa hatiani kwa kosa hilo, mtu wa kwanza duniani kutiwa hatiani kwalo na mahakama ya kimataifa. Nikaongeza kwamba mashahidi walitoka kwao wakaja mpaka hapa Arusha kuyasema, kwa hiyo sisi tunaopita nje ya uzio angalau tusikosee jina. Ukikosea neno umewakosea watu. Nilisema hivyohivyo. Akaomba radhi, na mimi nikatembea nimejaa.

Sasa Kaloleni. Kabla ya kuingia kwenye ule ukumbi ambamo Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Januari 26 hadi 29, 1967, huwa nawasimamisha wageni kivulini niwaeleze habari ya Ngare Nanyuki, ardhi ya Wameru. Kwa maoni yangu huwezi kumweleza mtu Azimio kama hajasikia habari za ardhi. Nawaambia jinsi serikali ya Waingereza ilivyoamua eneo lile liwe mashamba ya mifugo ya walowezi, jinsi Novemba 1951 askari walivyokuja na Wameru wapatao 3,000 wakatolewa, wakaelekezwa King'ori kwenye joto na mbu. Nawaambia jinsi Kirilo Japhet na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, walivyokwenda New York mwaka 1952 mbele ya Umoja wa Mataifa, na Kirilo akaongea kwa Kiswahili. Sehemu hiyo ya Kiswahili naipenda kuliko zote. Huwa naisema taratibu.

Karibu na hapo kuna kijana wa kahawa, birika lake juu ya mkaa, kashata kwenye ndoo. Kwenye benchi lake alikuwa amekaa mzee mmoja, koti la kijivu, fimbo katikati ya magoti. Kiingereza changu hakukifuata chote, lakini majina aliyasikia. Nilipotua akaniita.

"Binti, nimesikia unataja kwetu. Unawaambiaje hao?"

"Shikamoo babu. Nawaambia habari za Ngare Nanyuki, Wameru walivyohamishwa."

"Marahaba. Walivyohamishwa?"

"Ndiyo, babu."

"Wewe mtoto wa wapi?"

"Nkoaranga."

"Basi ni wa nyumbani." Akakishusha kikombe kwenye benchi. "Kuhama ni mtu na vitu vyake, mwanangu. Anafunga mzigo, anaaga jirani, anaondoka. Sisi tulifukuzwa. Mimi nilibebwa mgongoni kwa mama na nyumba yetu inawaka. Waambie."

Yule mama wa kofia alikuwa amesogea, anatabasamu, akaniuliza mzee anasema nini.

Nikajibu: "Anatusalimu. Anawakaribisha Arusha."

Mama wa watu akafurahi mno. Akaunganisha viganja kifuani, akamwinamia, akamwambia kwa Kiswahili chake alichojifunza kwenye ndege, "Asante sana! Asante sana, babu!" Na wengine wakafuatisha. Mzee hakumtazama yeye, alinitazama mimi. Halafu akachukua kikombe chake, akakizungusha polepole kama mtu anayetafuta kitu kwenye masimbi ya kahawa, na mimi nikasema haya jamani, tuingie ndani.

Basi, ndiyo hivyo tu. Sekunde ishirini labda.

Nimejitetea kila namna. Kwamba muda ulikuwa umekwenda. Kwamba wale Wajerumani walishabeba mzigo wa kutosha pale Boma. Baba Neema naye kanitetea, kasema wageni wamelipia ziara na ziara ilibaki dakika ishirini, ningeanza lini hadithi nyingine? Lakini haikuwa hadithi nyingine, ilikuwa ileile. Sababu ya kweli ninaijua: nilikuwa nimetoka kumsahihisha mtu kuhusu neno, mbele ya wenzake, na sikutaka na mimi nisahihishwe mbele ya haohao. Kwa hiyo nikamziba mzee mdomo kwa lugha yake mwenyewe. Kirilo alikwenda hadi ng'ambo ili Kiswahili chake kifikishwe kwa watu wasiokijua. Mimi nilikuwa na hatua tatu tu za kukifikisha, na watu wamenielekezea masikio.

Wiki yenyewe imejaa. Na Jumanne tumehamia Sanawari, ndiyo, hatimaye, picha zitakuja. Ila niwaambie kitu kimoja kuhusu kuhama huko. Usiku wa Jumatatu nilikuwa nafunga glasi kwenye magazeti, moja moja, Neema ananishikia boksi, na mama mwenye nyumba kaja mlangoni na ndizi za kutuaga. Nikasimama na glasi mkononi. Neema akaniuliza, "Mama, imepasuka?" Nikamwambia hapana, haijapasuka.

Nilimpigia mama nimwulize kama bibi alikuwa anasema "kuhamishwa". Hatukufika huko. Alikuwa na habari za ng'ombe, na nikaona nisimkatize.

Jana nikaenda Kaloleni. Sikuwa na wageni, nilivaa kawaida, nikapanda bajaji hadi kwenye mnara kisha nikatembea. Nilikuwa nimejiandaa kwamba sitamkuta, na nilikuwa nimeshaanza kupanga nitakavyomwachia salamu kwa yule kijana wa kahawa. Alikuwepo. Koti lilelile.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Leo huna kundi."

"Leo nimekuja kwako. Babu, siku ile yule mama aliponiuliza umesema nini, sikumwambia. Nilimwambia unatusalimu."

"Nilijua," akasema. "Mtu haambiwi asante sana kwa kufukuzwa."

Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayekueleza mvua ilinyesha jana. Na hapo, sijui niwaelezeje, kitu kikanishuka kifuani. Nilikuwa nimesubiri anigombeze tangu Jumamosi, na yeye akasogea tu kwenye benchi nikae.

Tulikaa karibu saa nzima. Hajui kwa hakika alikuwa na miaka minne au mitano. Moto wenyewe anasema haukumbuki, anaambiwa tu, na siku ile alipotaja nyumba kuwaka alikuwa anasema maneno ya mama yake. Anachokikumbuka yeye ni mbeleko: fundo lilivyokuwa linamkata, hapa, akanionyesha chini ya mfupa wa bega, na kwamba kila alipolia mama yake alikuwa hamgeuzii uso. "Nilidhani amenikasirikia," akasema. "Nimekuja kuelewa nina watoto wangu." Akanyamaza, akaita kahawa nyingine mbili. Nilipofungua pochi akanizuia mkono, akasema mgeni wake halipi.

Nilimuuliza nikija na watu tena nisemeje. Akasema niseme walifukuzwa, na nikishasema, nimwonyeshe yeye kama yupo, na wageni wamsalimie kwanza ndipo waulize. "Salamu kwanza," akarudia, akacheka, na nikacheka na mimi hadi yule kijana wa kahawa akageuka kutuangalia. Nilirudi Sanawari kwa miguu njia nzima na sikuchoka.

Jana usiku nikamwandikia yule mama wa Ujerumani. Namba yake ninayo, alinitumia picha. Nikamweleza kwamba mzee wa kahawa hakuwa anatukaribisha siku ile, nikamwandikia maneno yake yote kama alivyoyasema, kuhama na vitu vyake, mgongo wa mama, na lile "waambie" la mwisho. Nikamwomba radhi yeye na mumewe kwa kuwadanganya. Wako Zanzibar sasa. Zimeingia tiki mbili na hadi naandika hapa hazijawa za buluu, na nimeangalia labda mara thelathini. Simlaumu akiona nimemharibia likizo. Lakini ile "asante sana" yake aliitoa kwa moyo, na anastahili kujua ilikuwa inamwendea nani.

Kesho nina kundi la watu saba. Neno la Kiingereza nimeshalichagua, lina ukali uleule, nimelijaribu mbele ya kioo cha bafu hadi Neema kaniuliza nani kamfukuza nani.

Mama kapiga tena sasa hivi. Yule ng'ombe kapitisha siku kumi bila kuzaa, kiwele kimejaa, hali majani tangu asubuhi, na bwana mifugo simu yake haipatikani. Nimempa namba ya yule wa Tengeru, lakini mvua imeanza huko juu na ile barabara ya kupandia kwa mama ikilowa hakuna bodaboda anayekubali. Saa nne kasoro sasa. Naendelea kumpigia.