Siku moja maishani mwangu: mtafiti wa Nairobi na bahari ya Kiunga

Saa 11 alfajiri

Mimi ni mtafiti wa sera za bahari, na ingawa ofisi yangu iko Nairobi, mbali kabisa na pwani, kazi yangu ya mwaka huu inahusu ukanda mmoja tu wa maji: ule ulio kati ya Kiunga, kaskazini mwa Kaunti ya Lamu, na Ras Kamboni upande wa Somalia, ambao mpaka wake Kenya na Somalia zinaugombania. Kabla ya kunywa chai nafungua ramani ya mienendo ya meli. Ramani hiyo hukusanya ishara za mtambo wa utambulisho ambao meli za tani 300 na zaidi zinatakiwa ziwe nao katika safari za kimataifa. Mashua za wavuvi wetu hazina mtambo huo, kwa hiyo hazionekani kabisa, na meli kubwa inayotaka kujificha huuzima. Ishara ikikatika, siandiki kwamba meli imevua kinyume cha sheria. Naandika saa na mahali, kisha nasubiri picha za rada za setilaiti. Kwingineko chombo cha doria kingetumwa kwenda kukagua. Katika maji yanayogombaniwa, kukituma tu ni kutoa tamko la kisiasa, ndiyo maana mara nyingi hakuna anayekwenda, na pengo hilo humnufaisha yule asiye na leseni ya upande wowote.

Saa 1 asubuhi

Msongamano wa Barabara ya Thika hunipa muda wa kutosha wa kusoma ndani ya matatu. Leo nairudia hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyotolewa The Hague tarehe 12 Oktoba 2021. Somalia ilifungua kesi Agosti 2014. Kenya ilishikilia kwamba mpaka unafuata latitudo moja kuelekea mashariki, Somalia ikadai mstari wa umbali sawa unaoelekea kusini-mashariki, na kati ya madai hayo palikuwa na zaidi ya kilomita za mraba 100,000 za bahari. Mahakama ilikataa hoja kwamba Somalia iliukubali mstari wa Kenya kwa kunyamaza, ikachora mstari unaokaribiana na ule wa Somalia, lakini ikausogeza kidogo kaskazini. Kenya, iliyokuwa imesusia vikao vya Machi mwaka huo, ilitangaza kwamba haiitambui hukumu hiyo.

Magazeti yetu yaliandika zaidi kuhusu mafuta na gesi. Katika hukumu yenyewe wavuvi wametajwa, kwa kuwa Kenya ilikuwa imeeleza kwamba riziki yao ingeathirika, na Mahakama haikuridhika na ushahidi wa jambo hilo. Matumbawe, majani ya bahari, kasa na nguva hawakuwa na mtu wa kuwasemea. Sisemi hivi kuilaumu Mahakama, kwa sababu kazi yake ilikuwa kujibu swali lililoulizwa. Nasema kwamba swali la nani ayatunze maji hayo halikuulizwa.

Saa 3 asubuhi

Saa za asubuhi ofisini nazitenga kwa ajili ya sura ninayoipenda kuliko zote katika waraka wangu wa mapendekezo ya kuyatunza maji hayo, ile inayoeleza thamani ya eneo lenyewe. Msimu wa kusi, yaani upepo utokao kusini, maji ya pwani hupanda kaskazini kwa nguvu. Msimu wa kaskazi, upepo utokao kaskazini, mkondo wa Somalia hugeuka ukashuka kusini, ukakutana na ule unaopanda kutoka Tanzania, kisha yote miwili ikakata kuelekea mashariki. Makutano hayo hutokea karibu na kaskazini mwa pwani yetu, nayo huleta virutubisho vinavyolisha viumbe wadogo wanaoelea, ambao huliwa na samaki wadogo, ambao nao huwaita nguru na jodari. Mvuvi wa Lamu anayekwenda kwenye kina kirefu msimu wa kaskazi hahitaji kuelezwa haya na mtafiti wa Nairobi.

Karibu na nchi kavu kuna Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotangazwa 1979, pamoja na visiwa vyake vidogo, matumbawe, majani ya bahari na mikoko. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya imo katika Kaunti ya Lamu. Kasa hutaga kwenye fukwe za huko, na nguva, ambao katika pwani ya Kenya wamebaki wachache mno, hula majani ya bahari ya eneo hilohilo.

Nguva amenichukua muda mrefu leo, na sijuti. Jike hubeba mimba kwa zaidi ya mwaka mmoja, huzaa ndama mmoja, kisha hukaa kati ya miaka mitatu na saba kabla ya kuzaa tena. Kesi ya mpaka ilidumu miaka saba. Katika muda ambao mawakili walikuwa wakibadilishana nyaraka, huenda jike mmoja alizaa mara moja tu, na jarife moja, yaani wavu mkubwa, lililotegwa usiku kwenye majani ya bahari lingeweza kuwaua mama na ndama wake pamoja. Kwa mnyama wa aina hiyo, kusubiri ni hasara isiyolipika. Nimeiandika hesabu hiyo katika waraka kama ilivyo, bila kuipamba.

Saa 5 asubuhi

Nampigia simu mzee mmoja wa Kiunga, Mbajuni, yaani mtu wa jamii ya wavuvi wa pwani hii ya mpakani, ambaye amekuwa akinisaidia kuelewa misimu ya uvuvi. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu. Bahari imechafuka, tumekaa." Namuuliza habari za wapiga mbizi wa kambakoko, wanaotoka Faza na Kizingitini, kisiwani Pate, wakapiga kambi huko kaskazi inapoanza. Ananieleza kwamba zamani jamaa walivuka mpaka kwenda na kurudi kwa sababu ukoo ni mmoja, kutoka Lamu hadi visiwa vya karibu na Kismayu, na kila familia ilijua mwamba gani upumzishwe. Siku hizi, anasema, kijana akiona mwamba ulio mbele hawezi kujua kesho ataruhusiwa kuufikia au la, kwa hiyo anachukua kila kitu leo, hata kambakoko wadogo na majike yenye mayai.

Ananikumbusha pia marufuku ya kuvua usiku iliyowekwa Lamu baada ya matukio ya utekaji nyara ya 2011. Wapo wanaodhani kwamba bahari isiyovuliwa usiku ilipata nafuu. Yeye anaona tofauti: wavuvi wadogo wote walirundikana kwenye maji ya karibu, yaliyo salama, na miamba hiyo ndiyo iliyochoka. Naamini maelezo yake, kwa sababu yanafanana na ninayosikia kwa wengine wa Faza.

Saa 7 mchana

Napita City Market, mtaa wa Muindi Mbingu, si kununua bali kuuliza. Muuzaji ananikaribisha, "Karibu dada, changu wa leo huyu," kisha ananionyesha kambakoko waliolazwa kwenye barafu. Anajua kwamba wametoka Lamu, lakini hawezi kujua kama wametoka Lamu ya mwamba gani, wala kama walitolewa upande huu wa mstari au upande wa pili. Hakuna karatasi inayosema. Hoteli za Nairobi zinanunua kwa kilo. Nusu saa hii imenithibitishia kwamba ukubwa wa chini wa kambakoko anayeruhusiwa kuuzwa unaweza kusimamiwa hapa sokoni hata kama baharini hakuna askari.

Saa 8 na nusu mchana

Mkutano wetu unafanyika Gigiri, si mbali na makao ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira. Mwanasheria kijana wa kikundi chetu anapendekeza tuutegemee Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, kifungu cha 74, ambacho kinazitaka nchi zisizokubaliana kuhusu mpaka zifanye mipango ya muda bila kuathiri mpaka wa mwisho. Ni hoja nzuri, lakini naipinga. Kwa Somalia, mpaka umekwisha kuamuliwa, na kuiomba itumie kifungu hicho ni kuiomba ikiri kwamba haujaamuliwa. Itakataa, na haki ya kukataa inayo.

Mlango mwingine uko hapahapa mjini. Mkataba wa Nairobi wa kulinda mazingira ya bahari ya magharibi mwa Bahari ya Hindi ulipitishwa 1985, sekretarieti yake iko Nairobi, na Kenya na Somalia zote ni wanachama. Itifaki yake kuhusu maeneo tengefu na viumbe wa porini inazitaka nchi jirani zishauriane kuhusu hifadhi zilizo mpakani. Hakuna anayelazimika kusema mstari uko wapi ili awahesabu kasa. Kijana anauliza kama kuna mahali ambapo jambo kama hilo limewahi kufanikiwa palipo na madai ya ardhi na maji. Namtajia Antaktika: mkataba wa 1959 uliyaacha madai ya nchi saba yalivyo, bila kuyakubali wala kuyakataa, na 2016 nchi husika zikakubaliana kuhusu hifadhi ya Bahari ya Ross, yenye kilomita za mraba milioni 1.55.

Saa 11 jioni

Nikirudi ofisini nasoma kuhusu Bahari ya China Kusini, kwa sababu ndiyo onyo kubwa kuliko yote. Uamuzi wa usuluhishi wa tarehe 12 Julai 2016, ambao China ilikataa kuutambua, ulieleza jinsi miamba saba ya visiwa vya Spratly ilivyofukiwa kwa mchanga uliochimbwa kujenga visiwa, na jinsi wavuvi walivyotumia rafadha za mashua kukatakata matumbawe ili wang'oe chaza wakubwa. Baraza hilo la wasuluhishi liliona kwamba wajibu wa kulinda mazingira ya bahari ulivunjwa, nalo lilifika huko bila kuamua miamba ile ni mali ya nani. Hoja hiyo ya mwisho nimeinakili neno kwa neno, kwa kuwa ndiyo ninayoihitaji Kiunga. Uchungu wake ni kwamba ilikuja baada ya matumbawe kusagwa.

Saa 2 usiku

Nyumbani namalizia mapendekezo. Yamebaki matatu: kuhesabu kasa na nguva kwa njia moja pande zote mbili, kufunga msimu wa kambakoko kwa tarehe zilezile, na kubadilishana orodha ya meli zenye leseni. Nimeondoa kila sentensi inayotaja mpaka, nikaweka majina ya miamba na malisho ya majani ya bahari. Rasimu nimemtumia mwenzangu aliye Mogadishu, naye amejibu kwamba ataisoma kesho pamoja na watu wa wizara ya uvuvi. Aya moja bado iko wazi, ile ya kusema nani atawawakilisha Wabajuni kwenye meza hiyo, kwa kuwa wao wana jamaa pande zote mbili. Na hiyo sitaijaza mpaka nizungumze tena na mzee wa Kiunga.