Amri za Korona Mombasa: Nani Alikuwa Mkaidi?

Mwaka 2020 ulituachia sifa mbaya watu wa Mombasa, kwamba hatusikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Nililisikia neno hilo redioni, nikalisikia kwa jamaa walioko bara, na hadi leo hurudiwa kila yanapozungumzwa mapokezi ya amri za korona katika miji mikubwa ya Kenya. Nilikuwa nikiishi Kibokoni, Mji wa Kale, kipindi chote hicho, na niliyoyaona hayalingani na sifa hiyo. Watu walizitii amri zilizotekelezeka na wakazivunja zisizokuwa na njia ya kutekelezwa, na mara nyingi mtu huyo huyo alikuwa mtiifu asubuhi na mvunja sheria jioni.

Jambo hilo lilidhihirika zaidi kivukoni Likoni. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 13 Machi, na Ijumaa ya tarehe 27 mwezi huo huo ikaanza kafyu ya nchi nzima, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mji wetu ni kisiwa. Anayeishi Nyali au Kisauni ana daraja, anayeishi Changamwe ana barabara ya Makupa, lakini aliyekuwa akiishi Likoni na kwendelea kusini hadi Ukunda alitegemea feri peke yake, na watu wanaovuka pale kwa siku hukadiriwa kuwa zaidi ya 300,000. Siku za kawaida umati wa jioni hutawanyika tangu alasiri hadi usiku. Siku ile wote walitoka kazini karibu wakati mmoja, kila mmoja akiwahi kufika kwake kabla ya saa moja, na jua halijazama polisi wakawarushia vitoa machozi na kuwapiga kwa rungu watu waliokuwa kwenye foleni, ambao kosa lao lilikuwa kufanya hasa waliloagizwa, yaani kurudi nyumbani. Waliokuwa wametengana walisukumana wakakimbilia sehemu moja, wengine wakalazwa chini wamebanana, wakikohoa na kujifuta macho kwa mikono, katika wiki zile zile ambazo tulikuwa tukihimizwa tusijiguse uso.

Tarehe 1 Aprili Rais Uhuru Kenyatta aliwaomba radhi Wakenya kwa nguvu iliyopita kiasi. Radhi hiyo ilistahili kuombwa. Hata hivyo, kinachoniuma zaidi ni kwamba inaonekana hakuna aliyekaa chini kabla ya siku hiyo akapiga hesabu ya feri ngapi zinafanya kazi, kila moja inabeba watu wangapi, na inachukua muda gani kwenda na kurudi. Hesabu hiyo ingeonyesha mapema kwamba maelfu ya watu wangebaki upande wa kisiwani saa ikigonga, hata wangekuwa na utiifu wa namna gani. Mwezi Juni kafyu iliposogezwa hadi saa tatu usiku, msongamano wa jioni ulipungua kwa namna iliyoonekana kwa macho, na sikuona kwamba tabia za watu wa Likoni zilikuwa zimebadilika. Daraja la kuelea la waendao kwa miguu lililowekwa Liwatoni baadaye, ambalo lilitetewa kwa hoja hiyo hiyo ya kupunguza msongamano, lilikuwa kukiri kwamba tatizo lilikuwa njia.

Sasa nieleze ambalo halikuhitaji askari. Mji wa Kale watu hukaa barazani, na kahawa chungu hunywewa kwa vikombe vidogo vya udongo ambavyo muuzaji huvisuuza ndani ya ndoo ya maji na kumpa mteja mwingine. Mtu akitafuta mahali pa kuambukizana asingepata bora kuliko pale. Katika wiki za mwanzo, muuza kahawa wa mtaa wetu aliweka vikombe vyake kando akatangaza kwamba anayetaka kahawa aje na kikombe chake, naye alimimina kutoka kwenye dele akiwa amenyoosha mkono bila ya kugusa ukingo wa kikombe cha mteja. Wazee walinung'unika kwa siku chache, halafu ukawa mtindo: mtu akitoka kwake jioni utamwona ana kikombe mkononi. Hakuna tangazo la serikali lililotaja vikombe vya kahawa. Aliyesema alikuwa mtu wanayemjua, na alichowataka kilikuwa ndani ya uwezo wao.

Misikiti nayo ilifungwa, na ikabaki imefungwa hata Ramadhani ilipoingia mwishoni mwa Aprili. Asiyekuwa wa huku huenda asiupime uzito wa jambo hilo. Tarawehe tulizisali majumbani, wengine kwa mara ya kwanza maishani, kwa sababu masheikh wetu walieleza, kwa dalili na kwa upole, kwamba kuhifadhi roho ni katika dini.

Katikati ya mwezi huo mtukufu, tarehe 6 Mei, ikaja amri nzito zaidi. Tayari tangu tarehe 8 Aprili kaunti nzima ilikuwa imefungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Sasa Waziri wa Afya Mutahi Kagwe akatangaza kwamba Mji wa Kale, pamoja na Eastleigh kule Nairobi, utafungwa peke yake, na mikahawa na masoko ya ndani yafungwe pia. Sababu iliyotolewa ilikuwa wingi wa maambukizi, na ni kweli kwamba zoezi la upimaji lilipoletwa mtaani, waliojitokeza walikuwa wachache mno. Hapo ndipo tulipoitwa wakaidi kwa sauti kubwa zaidi.

Jirani yangu, mama wa makamo anayeuza viazi karai na bajia, nilimuuliza kwa nini haendi kupimwa na hema liko hatua chache kutoka mlangoni pake. Akanijibu, "Mwanangu, wakinambia ninao, watanipeleka karantini wiki mbili. Gharama nalipa mimi. Hawa wajukuu wanakula nini?" Mtu mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi anaweza kuliona jibu hilo kuwa ni ujinga. Wakati huo watu walikuwa wamekwisha kudaiwa pesa katika vituo vya karantini kabla ya kuruhusiwa kwenda zao, na waliovunja kafyu walikuwa wakitishiwa kupelekwa huko huko, kwa hivyo karantini ilikuwa imegeuzwa adhabu machoni mwa watu. Baadaye serikali ilikubali kugharamia vituo vya umma, lakini hofu ilikuwa imekwisha kuota mizizi. Kama gharama ingeondolewa kabla ya hema kuletwa, naamini mama yule angekuwa wa kwanza kwenye foleni, maana ndiye aliyekuwa akimfokea kila mteja anayekuja bila ya barakoa.

Sitaki kudai kwamba kila mvunja amri alikuwa na udhuru. Kulikuwa na vijana waliocheza karata vichochoroni usiku kwa kuwa askari hawakuvijua vichochoro hivyo, na kulikuwa na waliovushwa kwa mashua hadi ng'ambo ya mpaka wa kaunti kwa pesa. Wa aina hiyo hawakosekani mji wowote.

Ngumu kuhukumu ni sharti lililotolewa Julai misikiti na makanisa yalipofunguliwa: watu wasiozidi 100, ibada isiyozidi saa moja, na waliopita umri wa miaka 58 wabaki nyumbani. Msikiti wa mtaani kwetu ulifuata yote, kila mtu na mswala wake, ila hilo la mwisho. Mzee mmoja aliyeadhini pale tangu ujana wake alikuja Alfajiri ya kwanza, na hakupatikana kijana wa kumwambia arudi. Kamati ilimtengea nafasi kando ya mlango wa ubavuni, penye upepo, mbali na safu, na ikamwekea mtu wa kumsindikiza asikutane na msongamano wa kutoka. Kisheria walikosea. Kwa maoni yangu walimkinga vizuri kuliko ambavyo amri ilikuwa imepanga kumkinga, na laiti waliotunga masharti yale wangefika msikitini wakaziuliza kamati kabla ya kuyaandika.