Kumbukumbu ya mradi wangu: kujifunza kuachia breki

Mradi huu niliuanza nikiwa na lengo finyu: kulipeleka gari langu la kila siku katika uwanja wa mbio, kwenye siku zinazotengwa kwa ajili ya madereva wa ridhaa wasio na leseni ya mashindano, na kila nikirudi niwe nimekwenda kasi zaidi kuliko mara iliyotangulia. Nimekwishakwenda mara nne. Muda wa mzunguko sijaupima hata mara moja, kwa kuwa waandaaji wengi hukataza kupima muda katika siku za aina hii, zisije zikageuka mashindano na kuvuruga masharti ya bima. Hata hivyo daftari langu limejaa, na ninapolisoma upya naona kwamba karibu kila ukurasa unahusu kanyagio la breki. Kurasa za mwanzo zinaeleza namna ya kulikanyaga. Za karibuni zinaeleza namna ya kuliachia, jambo lililonichukua muda mrefu zaidi kulielewa, na ambalo ndilo lililonisukuma kuandika kumbukumbu hii.

Gari lenyewe ni dogo, linavutwa na magurudumu ya mbele, na nikiwa ndani yake uzito wote hufika takriban kilo 1,200. Sijabadilisha chochote katika injini wala springi zake.

Siku ya kwanza

Usiku wa kuamkia siku hiyo nilitoa ndani ya gari kila kitu kisichofungwa, kuanzia zulia la upande wa dereva, ambalo linaweza kuteleza na kukwama chini ya kanyagio, hadi jeki na chupa za maji. Nilikaza nati za magurudumu kwa spana ya torki, nikakagua unene wa pedi za breki, kisha nikatazama mafuta ya breki. Chombo chake kilikuwa kimejaa, nami nikaridhika. Hapo ndipo nilipokosea, kwa maana kujaa kwa mafuta hayo hakuelezi lolote kuhusu hali yake.

Asubuhi tulielezwa kanuni. Madereva hugawanywa katika makundi kulingana na uzoefu, kila kundi huingia kwa zamu ya dakika 15 hadi 20, na katika kundi la wanaoanza huruhusiwi kulipita gari jingine ila kwenye sehemu iliyonyooka, tena baada ya dereva wa mbele kukuonyesha kwa mkono upande wa kupita. Bendera ya njano inaonya kwamba kuna hatari mbele na inakataza kupitana. Nyekundu inasimamisha zamu nzima. Ya buluu inakujulisha kwamba nyuma yako kuna gari lenye kasi zaidi. Nyeusi ikielekezwa kwako unatakiwa kuingia piti, yaani eneo la kuegesha magari kando ya njia ya mbio. Na ya njano yenye mistari myekundu inamaanisha kwamba barabara inateleza. Nilikuwa nimezisoma wiki nzima, lakini katika zamu ya kwanza niliipita bendera ya njano bila kuiona, mpaka mkufunzi aliyeketi kando yangu aliponionyesha. Macho yangu yalikuwa yamegandia mita chache mbele ya boneti. Siku ile nzima aliyarudia maneno yaleyale: tazama unakotaka kwenda, wala si mahali ulipo.

Katika zamu ya tatu, mwishoni mwa sehemu ndefu iliyonyooka, kanyagio la breki lilishuka chini kwa ulaini ambao sikuwahi kuuhisi. Gari lilipungua mwendo, lakini kwa kuchelewa, nami nikapita nje kidogo ya njia niliyokusudia. Nilikanyaga tena mara mbili za haraka, kanyagio likapata nguvu kiasi, nikauendesha mzunguko mmoja wa pole bila kugusa breki isipokuwa ilipolazimu, kisha nikaingia piti. Huko niliegesha gari likiwa kwenye gia bila kuvuta handbreki, kwa kuwa pedi zikibanwa kwenye diski zenye moto mkali zinaweza kugandamana nazo au kuziharibu.

Nilipofika nyumbani nilifanya hesabu, na hesabu hiyo ilinifundisha kuliko maelezo yote niliyokuwa nimeyasoma. Nishati ya gari linalokwenda huongezeka kwa mraba wa mwendo wake, kwa hiyo gari linalokwenda kilomita 140 kwa saa lina nishati karibu maradufu ya lile linalokwenda 100. Kulipunguza gari langu kutoka kilomita 140 hadi 70 kwa saa huzalisha takriban kilojuli 680 za joto, kiasi kinachokaribia kuzichemsha lita mbili za maji ya kawaida. Na iwapo breki zinakanyagwa sawasawa, joto hilo lote hutolewa kwa muda wa sekunde mbili na ushei. Barabarani jambo hilo hutokea kwa nadra. Uwanjani hutokea mara kadhaa katika kila mzunguko, na diski hazipati nafasi ya kupoa.

Mafuta ya breki nayo hufyonza unyevu wa hewa kadiri miaka inavyopita. Kiwango cha DOT 4, ambacho ni daraja la ubora wa mafuta ya breki, kinadai kwamba mafuta mapya yachemke kwa nyuzi zisizopungua 230 za Selsiasi, lakini yakishaingiwa na unyevu kiwango kinachodaiwa hushuka hadi 155. Yakichemka, mapovu ya mvuke hujitokeza ndani ya mabomba, na kwa kuwa mvuke hubanika kwa wepesi, nguvu ya mguu huishia kuyabana mapovu badala ya kuzisukuma pedi. Mafuta yangu yalikuwa na miaka minne. Kumwaga yote, kuweka mapya na kutoa hewa kwenye mabomba ilikuwa kazi ya alasiri moja, na kwa maoni yangu ndiyo kazi ya kwanza ambayo kila anayeanza anapaswa kuifanya kabla ya kufikiria kipuri chochote kingine.

Siku ya pili

Breki hazikulegea tena. Somo lilihamia kwenye matairi. Niliingia na upepo wa PSI 32 matairi yakiwa baridi, na baada ya zamu moja kipimo kilisoma 40 kwenye tairi la mbele kushoto, ambalo hubeba mzigo mkubwa zaidi kwa sababu kona nyingi za uwanja huo ni za kulia. Nilipunguza upepo matairi yakiwa ya moto, nikakumbuka kuyajaza upya kabla ya safari ya kurudi.

Siku hiyo pia nilielewa kwa nini njia ya kupita kona hupewa uzito mkubwa kiasi hicho. Mwendo ambao tairi linaweza kuuhimili kwenye kona hutegemea kipenyo cha mkunjo: kwa mshiko uleule, ukikata kona kwenye duara lenye nusu kipenyo cha mita 50 utafikia takriban kilomita 76 kwa saa, na ukiutanua mkunjo huo hadi mita 70 kwa kutumia upana wote wa barabara utafikia karibu 90. Mkufunzi alinitaka nichelewe kuligusa tao la ndani, yaani niguse ukingo wa ndani baada ya nusu ya kona, ili gari liwe limekwishanyooka ninapokanyaga mafuta na nafasi ya kosa ibaki upande wa kutokea. Mara moja niliogopa katikati ya kona na kuachia mafuta ghafla. Uzito ukahamia mbele, mkia ukawa mwepesi na kuanza kuteleza kwenda nje. Nililirudisha gari kwa usukani, lakini mikono ilitetemeka hadi mwisho wa zamu, na niliingia piti kabla ya muda.

Siku ya tatu

Kufikia hapo nilijiona kuwa mtu anayejua kufunga breki. Nilichelewa kukanyaga, nilikanyaga kwa nguvu, kisha niliachia kwa mara moja na kuzungusha usukani. Kila nilipofanya hivyo gari liligoma kukata kona na kwenda mbele kwa sekunde nzima kabla ya kutii. Niliyalaumu matairi. Mkufunzi wa siku ile, mtu mpole asiyepaza sauti hata kidogo, alikaa mizunguko mitatu bila kusema neno, kisha akaniambia nisahau mahali ninapoanza kufunga breki na niangalie jinsi ninavyomaliza.

Maelezo yake niliyaandika nikiwa bado nimevaa helmeti. Ukifunga breki, uzito wa gari hulalia mbele na matairi ya mbele hubanwa barabarani, jambo linaloyaongezea mshiko. Ukiachia kanyagio ghafla pua huinuka, mzigo ule huondoka, na matairi hupoteza sehemu ya mshiko wake wakati uleule unapoyaomba yalielekeze gari. Ukiachia taratibu, huku ukiongeza usukani kwa kiasi kilekile unachokipunguza kwenye breki, mzigo hubaki mbele hadi gari limekwishaanza kugeuka. Mshiko wa tairi ni mmoja. Unagawanywa kati ya kusimamisha na kugeuza, na kazi ya mguu wa kulia ni kuukabidhi kutoka upande mmoja kwenda mwingine bila kuacha pengo.

Alinitaka nihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, wakati wa kuachia. Mzunguko wa kwanza nilimaliza hesabu mguu ukiwa umekwishatoka tangu moja. Kwenye mzunguko wa sita au wa saba, katika kona ndefu ya kulia, hesabu na mguu vilikwenda pamoja, na gari likaingia ndani ya kona kwa utulivu ambao sikujua kwamba gari hili linao. Nilifurahi kuliko siku yoyote ya mradi huu, ingawa nina hakika kwamba nilikuwa nimeanza kufunga breki mapema kuliko zamu zote zilizotangulia.

Kati ya siku ya tatu na ya nne nimekuwa nikifanya zoezi hili katika uendeshaji wa kawaida, kwa mwendo mdogo unaoruhusiwa na sheria. Kila ninaposimama, najaribu kulegeza kanyagio katika mita ya mwisho ili abiria asihisi mtikisiko wowote. Mguu unajifunza jambo lilelile bila kasi wala hatari.

Siku ya nne

Mvua ilinyesha asubuhi, na waandaaji walitutaka tuanze taratibu. Nilidhani siku imeharibika. Kumbe kwenye barabara yenye maji kila kosa la mguu hujionyesha mapema na kwa mwendo mdogo: nikiachia breki haraka pua inateleza, nikiachia vizuri inafuata usukani. Zamu mbili za mvua zilinipa mazoezi mengi kuliko zamu zote za jua, nami ningemshauri anayeanza asiahirishe siku yake kwa sababu ya mawingu, mradi matairi yake yana kina cha kutosha cha kutolea maji.

Alasiri barabara ilikauka. Kati ya kona tisa za uwanja huo naziingia saba kwa namna inayoniridhisha. Ya nane ni fupi na inahitaji mazoezi tu. Kona inayobaki ni ya kushoto baada ya mteremko, ambako gari huwa jepesi kabla sijaanza kufunga breki na mguu wangu bado unaachia kwa woga, yaani haraka mno. Kabla ya siku ya tano nitabadilisha mafuta ya breki tena na kuweka pedi mpya za mbele, kwa kuwa zilizopo zimebaki chini ya nusu. Na kwenye kona ile nitamwomba mkufunzi anihesabie yeye.