Nilivyolaza mpunga wangu kwa ushauri wa dukani

Msimu wangu wa kwanza kulima kwa maji ya mabwawa ya majitaka ya Mabogini, mpunga wangu ulikuwa wa kijani kuliko wa mtu yeyote huku chini ya Moshi. Kijani kile cha kuelekea weusi. Wapita njia walikuwa wanasimamisha baiskeli kuutazama. Nami nikaanza maringo, hata salamu nikawa naitikia kwa kuchelewa. Imebaki kama wiki mbili kuvuna, ikapiga mvua ya usiku mmoja na upepo. Asubuhi nakuta majaruba yote yamelala chini kama mkeka uliotandikwa. Wa jirani, ule niliokuwa nauonea huruma kwa wembamba wake, umesimama wima, umande unameta juu.

Nililia, halafu nikaenda dukani kugombana.

Maana yule bwana wa duka la pembejeo ndiye aliyeniambia mifuko miwili ya urea kwa ekari, kama kawaida. Nilimwambia mimi natumia maji ya mabwawani. Akasema, "Mama, maji ni maji." Nikamwamini kwa sababu amevaa miwani.

Maji si maji. Majitaka ya mji yanashuka kwa bomba hadi Mabogini, yanapita bwawa moja baada ya jingine. La kwanza lina kina kirefu, ndilo lenye harufu. Yanayofuata ni ya kijani kama mlenda, na ya mwisho yana kina kifupi, jua linapenya na kuua vijidudu. Mayai ya minyoo ni mazito, yanazama njiani. Lakini naitrojeni na fosforasi, yaani mbolea yenyewe, kiasi cha kutosha kinabaki ndani ya maji. Mji mzima umekula ndizi, nyama na maharage, halafu mimi kila nikifungua mfereji naweka mbolea bila kujua. Juu yake nikamwaga urea mifuko miwili! Mpunga ukarefuka, shina likawa laini, ukaanguka. Hata mimi ukinilisha hivyo nitalala.

Msimu wa pili nikaamua kujipima mwenyewe. Jaruba moja urea yote, la pili nusu, mawili ya mwisho bila hata punje. Baba watoto akasema nachezea shamba. La urea yote likalala tena, la nusu likayumba. Yale ya bila urea yalisimama vizuri, ila pale maji yanapoingilia bado palikuwa na duara la kijani kizito, na hapo mpunga umelala kidogo. Nilikaa kwenye tuta siku nzima naliangalia lile duara. Nikaona kumbe hata bila urea mbolea inazidi, na inazidi mwishoni, wakati mpunga una mimba, yaani suke limo ndani ya shina halijatoka, na hauhitaji tena kunenepa majani.

Sasa sikilizeni ujanja wangu, maana najivunia kuliko harusi yangu.

Shamba langu limekaa pembeni, linagusa mifereji miwili: wa maji ya mabwawa, na wa skimu ya umwagiliaji, ile iliyokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Wajapani, inayochota kutoka mito ya Rau na Njoro. Maji ya mto yana zamu, na kiangazi watu wanayalinda usiku kwa tochi na fimbo. Ya mabwawani hayana kiangazi, maana mji hauachi kuoga. Basi nikaenda kwa wenzangu nikawaambia: chukueni zamu zangu zote za mwanzo wa msimu. Mtanirudishia nusu tu, ila mnirudishie mpunga ukishika mimba. Wakacheka. Mmoja aliniuliza kama nyumbani kuko salama. Aliyekuwa anaandika kwenye daftari alirudia kuniuliza mara tatu, zamu mbili kwa moja, una uhakika? Nikasema andika.

Kwa hiyo mpunga wangu unakua kwa maji ya mji, bure, bila urea, halafu ukishika mimba nafunga kule nafungua ya mto, unamalizia kwa maji mepesi. Msimu huo nilivuna magunia 20 na kitu kwa ekari, na hakuna jaruba lililolala. Pesa ya urea, sijui laki na ngapi, nikanunua mabati.

Mama mkwe alishuka kutoka mlimani akakataa kula. "Mwanangu, mchele wa chooni mimi sitii mdomoni." Nilimweleza kuhusu mabwawa, jua, minyoo inayozama, akawa anatazama dari. Nami sikumlazimisha, maana tahadhari nazichukua: buti ndefu kila siku (kichocho hakina utani), mikono sabuni, na mpunga naukaushia maji kabla ya kuvuna. Mchicha na nyanya sivimwagilii maji hayo kabisa. Shirika la Afya Duniani mwaka 1989 lilisema kwa mboga za kuliwa mbichi bakteria wa kinyesi wasizidi 1,000 kwenye mililita 100 za maji, na yai la minyoo lisizidi moja kwa lita. Mimi maabara sina, nina macho tu.

Sasa kuhusu gesi ya kupikia. Tuna mtambo wa bayogesi wa kuba, ng'ombe wawili. Samadi unaichanganya na maji sawa kwa sawa kila asubuhi, na bili ya maji ya bomba ilikuwa inaniuma. Nikajiona mjanja, nikawa nachanganyia maji ya kufulia. Siku chache moto ukawa wa bluu hafifu, halafu ukazimika kabisa. Baba watoto akamlaumu fundi. Fundi akaja na pikipiki, akachungulia shimo la kuingizia, povu limejaa. "Mama, ng'ombe wako wanafuliwa?" Sabuni imeua wadudu wanaotengeneza gesi. Karibu mwezi nilirudi kwenye mkaa. Sasa nachanganyia maji ya mabwawani, na moto unawaka hadi maharage yanaiva. Tope linalotoka nalipeleka kwenye migomba. Kwenye mpunga hata tone sipeleki, nimeshaona.

Nikipita lile bwawa la kwanza naona mapovu yanapanda, na ile ni gesi ileile, inapotea hewani. Kule Werribee, pembeni mwa mji wa Melbourne, Australia, mabwawa kama yale wameyafunika kwa turubai kubwa, gesi inawazalishia umeme. Nilimwambia mwanangu, akasema nisije nikajaribu. Turubai nilikuwa nimeshaulizia bei.

Mama mkwe alikuja tena Krismasi. Sikusema mchele umetoka wapi, naye hakuuliza, akaongeza sahani.

Tatizo lililobaki ni wenzangu wa mfereji. Wameshaelewa. Msimu huu zamu moja ya wakati wa mimba wanataka zamu zangu tatu, na debe la mchele juu.