Nilivyomsimamia mtoto wa kaka yangu Mahakama ya Watoto

Mtoto wa kaka yangu alikamatwa kwa wizi wa simu akiwa na miaka 15. Mlezi wake ni mimi tangu baba yake afariki, kwa hiyo kesi ile niliibeba mwenyewe.

Cha kwanza kilichonihangaisha ni umri. Karatasi za polisi zilimwandika miaka 18, yaani mtu mzima. Cheti cha kuzaliwa hatukuwa nacho, nikapeleka kadi yake ya kliniki, imechakaa lakini tarehe aliyoiandika nesi inasomeka. Hakimu aliigeuza mbele na nyuma, akaikubali. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 hahukumiwi kwenda jela hata akitiwa hatiani. Lakini mahakama inaweza kumpeleka shule ya maadilisho, yaani ya kuwarekebisha watoto waliovunja sheria, Irambo kule Mbeya, na hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Kijana alikiri kosa. Hakimu hakutoa adhabu papo hapo. Aliagiza kwanza ripoti ya afisa ustawi wa jamii. Wazazi wenzangu, ripoti hiyo msiichukulie poa hata kidogo. Afisa alifika nyumbani, akaomba kuona mtoto analala wapi, akafungua madaftari yake, kisha akaenda kuzungumza na mwalimu mkuu na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Majirani walinishauri nifiche utoro. Nilikataa. Nilimwonyesha afisa kwamba madaftari yanaishia mwezi ule tuliozika, na kwamba tangu hapo mtoto anashinda kijiweni. Nikamweleza pia nilivyopanga kumsimamia, na kwamba mjomba wake yuko tayari kukaa naye jioni ninapokuwa kwenye biashara.

Kesi ilisikilizwa faragha, bila watazamaji. Baada ya kuipitia ripoti, hakimu alimwuliza mtoto mwenyewe kwa nini aliacha shule, akamsubiri mpaka akajibu, ingawa alijibu huku analia. Kisha akamwachia kwa masharti ya mwaka mmoja: ahudhurie shule, aripoti kwa afisa ustawi, asionekane kijiweni usiku. Fidia ya simu niliamriwa kulipa mimi, nikalipa.

Ule utoro niliotakiwa kuuficha ndio uliozaa sharti la shule, na ndilo sharti ninaloshukuru kuliko yote. Siku hizi mwalimu mkuu asipomwona darasani hunipigia mwenyewe, kabla hata ya saa nne asubuhi.