Nilivyoandaa hati ya kiapo kwa ajili ya kesi ya kaka yangu

Kaka alichelewa kukata rufaa kwa sababu alikuwa amelazwa. Wakili wake akasema maombi ya kuongezewa muda lazima yaambatane na hati ya kiapo, na kwa kuwa mimi ndiye niliyemuuguza, niape na mimi. Moyo ulinidunda. Hati ya kiapo ni ushahidi kamili, umeandikwa tu badala ya kusemwa kizimbani, na anayeapa uongo anashtakiwa.

Kazi hasa ilikuwa kuchambua ninachokijua na nilichoambiwa. Niliandika yote niliyotaka kusema, kisha nikapitia sentensi moja moja nikijiuliza: hili nililiona mwenyewe? Kwamba kaka hakuweza kusimama, niliona. Mimi ndiye niliyekuwa namgeuza kitandani. Kwamba maambukizi yalishaingia kwenye damu, hilo aliniambia daktari. Wakili akanieleza kuwa maneno ya kuambiwa yanaweza kuingia kwenye kiapo cha maombi kama hayo, mradi nimtaje aliyeniambia na niseme naamini ni kweli. Ila kama hoja nzima inaegemea hapo, bora daktari aape mwenyewe. Tukamfuata, akakubali, akaapa cha kwake.

Niliweka pia aya kwamba kaka ana haki ya kusikilizwa. Wakili akaikata: hiyo ni hoja ya kisheria, ataisema yeye mbele ya jaji. Alikuwa sahihi kabisa. Kiapo kilichojaa hoja na manung'uniko kinampa mpinzani pa kushikia.

Aya zikapewa namba, kila moja na jambo lake. Cheti cha kuruhusiwa kutoka hospitali kikawa kiambatisho A, kikatajwa ndani ya aya inayokihusu. Mwishoni ikaja sehemu ya uthibitisho, inayotenganisha ninayoyajua binafsi na niliyoambiwa.

Sikusaini nyumbani. Kamishna wa viapo alikagua kitambulisho, akauliza kama nimesoma na kuelewa kila aya, akaniapisha kwa kitabu cha dini yangu (asiyetaka kuapa kwa dini hutoa tamko la kuthibitisha, na uzito ni uleule). Ndipo nikasaini mbele yake, naye akajaza tarehe na mahali, akagonga muhuri.

Upande wa pili walileta kiapo kinzani, wakidai kaka alikuwa akitembea siku zote hizo. Wakili akaniambia nijiandae, mahakama inaweza kumwita muapaji ahojiwe. Sikuitwa. Jaji alisoma kiapo changu pamoja na cha daktari, akaongeza muda.